Maharage Arobaini kwa Punje Tano za Mahindi

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo kijana wa shule na simu ya kuazima, bila shaka umewahi kumwona ameinamia kioo, midomo ameibana, nawe ukimwita kula hakusikii. Mwezi wa Desemba uliopita nilimkuta mwanangu na wenzake wawili katika hali hiyo barazani pangu, wakicheza mchezo wa manowari. Nikachungulia. Kikosi cha askari kilifika ukingo wa bahari, kijana akagusa kioo kwa kidole, na mara askari wale wakageuka kuwa mashua. Wakavuka bahari, wakapanda ufuko wa ng'ambo wakavu na wenye nguvu zao zote, wakauteka mji wa bandari pamoja na gati na maghala yake, na mimi sijamaliza kikombe changu cha chai.

Nikawauliza, "Meli imewapakia wapi hao? Nani amewashusha? Wamekula nini njiani?"

Wakanitazama kama mtu anayeuliza sungura wa hadithi alijifunza wapi kusema. "Baba, ni mchezo tu," akasema mwanangu.

Ni mchezo, kweli. Lakini mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa parokia, na ualimu ni kama moshi wa jikoni, hautoki nguoni upesi. Likizo ilikuwa ndefu, mvua ilikuwa ikinyesha, na chini ya meza ya ofisi palikuwa na boksi tupu la mishumaa. Nikawaambia: Haya, tutunge mchezo wetu wenyewe wa kuvusha askari na kushambulia bandari, kisha tuone kama sheria zetu zaweza kueleza jambo moja lililotokea kweli katika nchi yetu. Jambo lenyewe ni vita vya Tanga vya mwezi wa Novemba 1914. Nakusimulia tulivyofanya, ili ukipenda ufanye nawe kwako, maana mchezo huu hautaki fedha, wataka maharage.

Kwanza habari yenyewe kwa ufupi. Vita vikuu vya kwanza vilipoanza mwaka 1914, nchi hii ilikuwa chini ya Wajerumani. Waingereza wakaamua kuitwaa bandari ya Tanga kwa kutokea baharini, kwa sababu pale ndipo ilipoanzia reli ya kwenda Moshi. Wakakusanya Bombay askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi chini ya maofisa wa Kiingereza, pamoja na kikosi kimoja cha Waingereza wenyewe. Jemadari wao aliitwa Aitken. Msafara uling'oa nanga tarehe 16 Oktoba, meli za kubebea askari zikiwa 14, ukafika Mombasa tarehe 31. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba ulikuwa mbele ya Tanga. Mjini palikuwa na kampuni moja tu ya askari. Wengine wote aliokuwa nao kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, walikuwa mbali, wengi wao upande wa Moshi, na hata alipowaleta wote aliowaweza hawakupita sana elfu moja.

Watu 8,000 kwa 1,000. Tarehe 5 Novemba hao 8,000 walikuwa wakirudi melini, wameacha nyuma wenzao zaidi ya 800 waliokufa, kujeruhiwa au kupotea, wameacha bunduki kwa mamia, na bombomu, na risasi kwa malaki. Mchezo wowote wa bandari usioweza kueleza jambo hilo, mimi nauhesabu ni wa kitoto.

Tukachora ubao juu ya boksi la mishumaa. Upande wa kulia bahari, miraba kumi na miwili. Kisha mraba mmoja wa kutia nanga, kisha ufuko wa Ras Kasone, kisha vichaka, kisha mji. Upande wa kushoto reli, yenye vituo vinne hadi Moshi. Meli ni vizibo vinane vya chupa za soda, vimegeuzwa kama vibakuli. Askari mia mbili ni harage moja, kwa hiyo mshambuliaji ana maharage 40, matano katika kila kizibo. Mlinzi wa mji ana punje tano tu za mahindi, moja mjini na nne Moshi. Usishtuke, msomaji, nikitaja dadu. Hatukucheza kamari. Dadu ni bahati mbaya na bahati njema za vitani, nasi tulichonga moja kwa kipande cha muhogo, na iliponyauka tukachonga ya mti.

Sheria zetu za kwanza zilikuwa zile za kwenye simu: meli inakwenda, askari wanashuka, wanapigana. Binti wa jirani alikuwa mlinzi. Tulicheza mara sita siku hiyo, akashindwa zote sita, na mara ya mwisho aliondoka kwenda kuteka maji bila kungoja mwisho. Alikuwa na haki. Nani atakubali kucheza mchezo ambao jibu lake linajulikana kabla ya kuanza?

Hapo nikaona tujifunze kwa waliotangulia. Wako watu waliotunga michezo ya namna hii kwa makini sana. Mwamerika mmoja, Allan Calhamer, alitoa mwaka 1959 mchezo wa ubao uitwao Diplomacy, unaohusu nchi za Ulaya. Ndani yake jeshi haliwezi kuvuka bahari peke yake. Lazima manowari iwe pale baharini na iandikiwe amri ya kulivusha, na manowari inayovusha haiwezi kufanya kazi nyingine yoyote zamu hiyo. Kama bahari ni pana, manowari mbili au tatu hujipanga kama daraja. Adui akiifukuza moja ya daraja hilo, safari imevunjika. Na wachezaji wote huandika amri zao kwa siri, zikasomwa pamoja, kwa hiyo huwezi kujua mapema nani atakuja kukuvunjia daraja. Nauheshimu mchezo huo, ila nina shaka nao mahali pamoja: safari ikivunjika, jeshi hubaki kwao salama salimini, kana kwamba halikupanda kabisa. Hakuna anayezama.

Mchezo mwingine ni Axis & Allies wa Larry Harris, uliotapakaa Marekani tangu miaka ya 1980, nao wahusu vita vikuu vya pili. Huu una hesabu ya nafasi: katika matoleo yake ya baadaye meli moja huchukua askari wa miguu mmoja na kete nyingine moja ya nchi kavu, basi. Meli hiyo ya mizigo haina nguvu ya kujitetea, ikipatikana peke yake imekwisha, kwa hiyo lazima uisindikize. Manowari kubwa zaweza kupiga mizinga ufukweni kabla askari hawajashuka, lakini kama palitokea vita vya baharini kwanza, haziruhusiwi. Na jambo lililonipendeza zaidi: askari walioshuka kutoka baharini hawana ruhusa ya kurudi nyuma. Wakishuka wameshuka. Vijana waliisikia sheria hiyo wakanyamaza kidogo.

Tukarudi kwenye boksi letu. Sheria ya kwanza mpya ilitoka, si katika vitabu, bali gulioni. Aliyewahi kupakia lori la kwenda gulioni anajua: gunia lililoingia kwanza hutoka mwisho. Ukiweka chumvi chini na vitunguu juu, na mteja wa kwanza njiani anataka chumvi, utapakua lori zima barabarani jua likikuangalia. Melini ni vivyo hivyo, ila lori lenyewe ni refu kama kanisa na chini yake hakuna barabara. Mwaka 1915 Waingereza na wenzao walipokuwa wakienda kushambulia Gallipoli, katika nchi ya Waturuki, meli zao zilikuwa zimepakiwa ovyo, vitu vya kuhitajiwa kwanza vikiwa chini ya vitu vya kuhitajiwa mwisho. Ikabidi nyingi zirudi hadi Alexandria, Misri, zipakuliwe na kupangwa upya. Majuma yakapita, na Waturuki hawakuyapoteza majuma hayo. Walipofika watu ufukweni tarehe 25 Aprili, walingojewa.

Kwa hiyo katika mchezo wetu mshambuliaji huandika katika karatasi, kabla ya kuanza, kila meli imebeba nini na kwa mpangilio gani: maharage ni askari, kokwa za embe mbichi zilizokatwa ni mizinga, punje za mtama ni risasi. Aliyoyaandika mwisho hutoka kwanza. Hakuna kufuta. Mara ya kwanza mwanangu aliweka mtama wote chini kabisa, kwa sababu, alisema, risasi ni nzito. Ni kweli ni nzito. Alifika Ras Kasone na maharage kumi na mawili yenye bunduki tupu.

Sheria ya pili ni ya matishari. Ninyi mnaokaa bara kama sisi, yafaa niwaeleze: meli kubwa haifiki ufukweni. Hutia nanga maji ya kina, na watu na vitu hushushwa katika matishari, yaani mashua bapa za mizigo, yakavutwa hadi nchi kavu. Ukiwa na meli elfu na matishari matatu, una matishari matatu. Tukaweka matatu, kila moja huchukua kete mbili kwa zamu. Sasa hesabu mwenyewe: maharage arobaini yatataka zamu saba kushuka, bila kuhesabu mizinga wala risasi. Na treni ya binti wa jirani huleta punje moja ya mahindi kila zamu.

Hapo mchezo ukawa mchezo. Vijana waliinuka wakakaa magotini. Ukishambulia mapema una watu sita tu. Ukingoja uwe na arobaini, mahindi matano yote yamekwisha kufika na kujichimbia. Hilo ndilo lililompata Aitken. Usiku wa tarehe 2 alianza kuwashusha watu Ras Kasone, nje ya mji kwa upande wa mashariki. Alfajiri ya tarehe 3 vikosi viwili vya kwanza vilikwenda kuujaribu mji bila kungoja wengine, vikapigwa vikarudi. Siku nzima iliyobaki ikaisha katika kushusha. Treni za kutoka Moshi zikawa zinaingia.

Kuna na sheria ya saa moja, na hii ndiyo iliyoleta ubishi mkubwa. Tarehe 2 asubuhi, kabla ya jambo lolote, manowari ya Waingereza iitwayo Fox iliingia bandarini peke yake, na kamanda wake, Caulfeild, akamwambia mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Bwana Auracher, asalimishe mji, akampa muda wa saa moja. Auracher akasema lazima apate shauri kwa wakubwa wake, akatoka, naye akapeleka habari. Kisha Waingereza wakatumia saa nyingi kutafuta mabomu ya majini ambayo hayakuwapo. Vijana walicheka: jinga gani huyo anayebisha hodi nyumba anayotaka kuiba? Nikawaambia wasifanye haraka kucheka. Mwezi wa Agosti wakuu wa manowari walikuwa wamepatana na miji ya pwani isipigwe, na ingawa serikali ya London ilikuwa imeyakataa mapatano hayo, Caulfeild aliona hawezi kupiga mji uliopewa neno lake bila kuuonya. Mimi simwoni mjinga. Namwona mtu aliyelipa bei ya neno lake kwa damu ya watu wengine, na hilo ni zito kuliko ujinga. Katika mchezo wetu mshambuliaji ana hiari: aweza kudai mji usalimu amri, akirusha dadu ikatoka 6 umesalimu bila vita. Ikitoka nyingine yoyote, treni hupewa zamu mbili za bure. Hutaamini ni mara ngapi wameijaribu hiyo sita.

Bado binti wa jirani alikuwa akishindwa mara nyingi, maana maharage ni mengi. Tukaongeza uchovu. Askari wale walikuwa wamekaa zaidi ya majuma mawili melini katika joto, wakitapika, na wengi wao hawakuwa wamezoea bahari. Basi harage lililoshuka zamu hiyo hiyo hupata shabaha kwa 6 tu. Likipumzika ufukweni zamu moja, kwa 5 na 6. Tukaongeza vichaka: hakuna zaidi ya maharage sita yanayoweza kupigana kwa zamu moja, kwa kuwa nafasi ni finyu na mtu hamwoni jirani yake. Punje ya mahindi hurusha dadu mbili, kwa ajili ya bombomu zao, nayo hupata kwa 5 na 6. Tena haitoki ubaoni mpaka ipigwe mara mbili. Nyuki nao hawakusahauliwa. Tarehe 4, vita vilipopamba moto, risasi zilitikisa mizinga ya nyuki mitini, na nyuki wakawavamia watu kwa hasira hata wengine wakatupa bunduki wakakimbia. Wako Waingereza walioamini ni hila ya Wajerumani. Hata hivyo nyuki hawakuuliza mtu ni wa upande gani. Kwetu, mtu yeyote akirusha 1 mara mbili mfululizo, mstari wote wa mbele wa pande zote mbili hurudi nyuma hatua moja, na watoto wadogo waliokaa kutazama hupiga kelele za nyuki. Ndiyo sheria wanayoipenda kuliko zote. Thamani yake vitani ni ndogo, lakini usiiondoe.

Jioni moja akapita mzee mmoja wa jumuiya yetu, akasimama na mkongojo wake akatazama. Nikamweleza maharage ni nini, mahindi ni nini, mtama ni nini. Akauliza, "Na huu mtama unatembea wenyewe kutoka ufukweni mpaka vichakani?"

Nikasema, katika mchezo, ndiyo.

"Baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo katika vita hiyo ya Mjerumani," akasema. "Alirudi na kovu la kamba hapa begani, na ndugu yake hakurudi. Sioni walipo katika boksi lako."

Sikuwa na jibu. Wapagazi waliokufa katika vita ile walikuwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ukienda Dar es Salaam ukapita Kariakoo, jina hilo limetokana na kambi yao, Carrier Corps. Lakini katika michezo yote niliyoisoma, ya ubao na ya kompyuta, hawana kete. Risasi hufika zenyewe. Kesho yake tukaweka sheria: punje moja ya mtama hutumika kila mstari wa mbele unapopigana, na kuipeleka kule yataka harage moja liache kupigana lichukue mzigo, au mchezaji awe amepakia tangu mwanzo choroko, ambazo ni wapagazi, na zinakula nafasi melini sawa na askari. Vijana hawakufurahi. Kila choroko waliyoipakia waliona ni askari mmoja aliyepungua. Nikawaacha wacheze bila choroko mara mbili. Mara ya tatu waliomba wenyewe zirudishwe.

Yafaa pia mwamuzi awe mmoja, na awe mkali. Mwaka 1942 maofisa wa Kijapani waliufanyia mazoezi ya mezani mpango wao wa kukiteka kisiwa cha Midway, ambako meli za askari zilikuwa ziende nyuma ya manowari. Mitsuo Fuchida, rubani aliyekuwapo katika msafara ule, ameandika pamoja na mwenzake kwamba dadu ilipotoka, ikahesabiwa mabomu tisa yamezipiga meli zao za kubebea ndege. Admirali Ugaki, aliyesimamia mazoezi, akaamuru yahesabiwe matatu. Meli moja iliyokwisha kuzama mezani ikafufuliwa baadaye kuendelea na mchezo. Mwezi wa Juni, huko Midway penyewe, zilizama nne, na hapakuwa na wa kuzifufua. Kwetu mwanangu aliwahi kuisukuma dadu kwa goti. Nilimtoa mchezoni siku mbili.

Ukitaka mchezo mgumu zaidi, mwache mshambuliaji aingie bandarini moja kwa moja badala ya kupitia ufuko wa kando. Akilipata gati, hana haja ya matishari tena. Meli mbili hupakua zote kwa zamu moja. Ni tamaa kubwa. Ila gati ndipo palipo na mizinga ya mwenye mji. Tarehe 19 Agosti 1942 Wakanada wapatao 5,000 walishushwa mbele ya mji wa bandari wa Dieppe, Ufaransa. Vifaru vyao vingine vilikwama katika kokoto za ufuko, na kabla ya jua la mchana kupungua zaidi ya 3,300 kati yao walikuwa wamekufa, kujeruhiwa au kutekwa. Miaka miwili baadaye, walipokwenda Normandy, hawakugusa bandari siku ya kwanza. Walishuka ufukweni wakaja na bandari zao wenyewe, vipande vya saruji na chuma vilivyovutwa kutoka Uingereza vikaunganishwa palepale. Walipoutwaa mji wa Cherbourg mwishoni mwa Juni 1944, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuiharibu bandari yake kabisa. Kwa hiyo mlinzi katika mchezo wetu aweza kulivunja gati lake kwa zamu moja kabla ya kushindwa. Binti wa jirani hulivunja daima, hata pasipo haja.

Sasa imebaki sheria ambayo iligombewa siku tatu nzima. Mimi naiita sheria ya moyo. Hebu angalia tena hesabu ya Tanga. Katika watu 8,000 walipotea mia nane na zaidi. Kwa maharage yetu hayo ni manne, katika arobaini. Waliobaki walikuwa bado mara saba ya adui yao. Baadhi yao, Waingereza wa kikosi cha North Lancashire na Wahindi wa Kashmir, walikuwa wameingia mpaka ndani ya mji. Lakini wengine walikuwa wamekimbia kuelekea ufukweni, mizinga ya milimani ilikuwa bado melini ikipigia sitahani, hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi, na jemadari akaona imetosha. Katika michezo kete hufa mpaka ya mwisho bila kulalamika. Watu hawafanyi hivyo. Kwa hiyo kila maharage manne yakipotea, mchezaji hurusha dadu: 4, 5 au 6, watu wanasimama, 1, 2 au 3, mstari wote unarudi ufukweni. Ukikosa mara ya pili, ni kurudi melini, na matishari ni yale yale matatu, na kitakachobaki ufukweni ni cha mlinzi.

"Lakini nina maharage thelathini na sita!" akalia mwanangu siku ya kwanza sheria hiyo ilipomwangukia. "Naondokaje na maharage thelathini na sita?"

Nikamwambia Aitken naye huenda alijiuliza hivyo.

Kwa upande wa mlinzi tukaweka jambo moja la haki: mahindi yake hayaonekani. Yamefunikwa chini ya vizibo vitatu, kimoja mjini, kimoja vichakani, kimoja katika kituo cha Kange, kilicho relini nje kidogo ya mji. Yeye peke yake ajua chini ya kipi kuna punje ngapi. Na punje iliyopigana zamu tatu lazima irudi Kange zamu moja kupata risasi.

Mchezo wa mwisho kabla ya shule kufunguliwa ulichezwa Jumapili alasiri, na watu wazima wanne walisimama kutazama. Mwanangu alipakia vizuri, mtama juu, choroko sita. Hakudai mji usalimu amri. Alingoja zamu nne ufukweni, watu wakapumzika, kisha akaingia vichakani na sita sita. Alipoteza manne, akarusha 2, akarudi ufukweni. Akajipanga tena, akaingia mpaka ukingo wa mji, akapoteza manne mengine. Akarusha dadu akaifunika kwa kiganja muda mrefu kabla ya kuitazama. Ilikuwa 3.

Alianza kuyarudisha maharage katika matishari, mawili mawili, bila kusema neno. Ilichukua zamu nyingi, na binti wa jirani alimwangalia tu, hakushambulia hata mara moja. Tishari la mwisho lilipofika melini, aliinua kizibo cha mjini. Chini yake hapakuwa na kitu. Akainua cha vichakani. Hapakuwa na kitu. Punje zote zilizobaki zilikuwa Kange zikingoja risasi, na mji ulikuwa mtupu zamu zote zile.

Mwanangu akasema hiyo ni hila, hakuna vita ya namna hiyo. Ikanibidi nilete daftari langu niwasomee: usiku wa tarehe 4 Novemba 1914, kwa kutoelewana amri, askari wa Lettow walirudi kambini kwao upande wa Kange, na kwa saa kadhaa mji wa Tanga haukuwa na mlinzi. Waingereza hawakujua. Kulipokucha walianza kupanda melini.

Kijana akakaa kimya, akavuta vizibo vyake karibu, akaanza kuhesabu. Yalikuwa maharage ishirini na sita.